Kiolezo kikubwa ndicho kinachoua miradi yetu ya wavuti na simu hapa Kigoma. Nyie mnaanzaje?

#1 Mgebuka_Dev
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanga, Kigoma mjini. Tupo vijana watatu tunatengeneza mfumo wa wanunuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi: nani kanunua kwa nani, kiasi gani, kalipa ngapi, kabakiza ngapi. Kuna ukurasa wa wavuti kwa ajili ya tajiri anayepokea mzigo Dar, na kuna programu ya simu ya Android kwa wanaosimama mwaloni alfajiri. Zana zetu za kuandikia: seva (inayopokea na kuhifadhi data) ni Laravel ya lugha ya PHP, wavuti ni React, simu ni React Native kwa njia ya Expo.

Nimeona makundi kadhaa ya hapa mjini yakianza kazi za namna hii na kuishia njiani, na karibu yote yalianza kwa kupakua kiolezo kikubwa, yaani mradi wa kuanzia uliokwisha kutengenezwa, kutoka GitHub (ghala la misimbo mtandaoni), kile chenye kila kitu: usajili, malipo ya kadi, barua pepe, lugha lukuki, Docker, majaribio, hadi rangi za usiku. Siku ya kwanza kinawaka, kila mtu anafurahi. Ukitaka kubadilisha kitu kimoja unakuta kimeshikana na mafaili ambayo hakuna kati yenu aliyewahi kuyasoma. Na kwenye laptopu ya RAM 8, Docker (inayoendesha seva ndani ya kisanduku chake) ikishawaka emuleta ya Android (simu ya kuigiza ndani ya laptopu) haina pa kukaa.

Msimamo wangu: repo moja (ghala la msimbo wa mradi), folda tatu tupu, seva, wavuti na simu. Kisha njia moja tu inayofanya kazi mwanzo hadi mwisho: simu inatuma ununuzi mmoja, seva inaupokea, kanzidata inauhifadhi, wavuti inauonyesha. Mengine yafuate baadaye.

Nyie mnaanzaje? Kipi hakikosi siku ya kwanza?

#2 Fundi wa Seva
Mkuu napinga. Ukiwaambia vijana wajenge kila kitu kutoka folda tupu, sehemu ya kwanza watakayoijenga ni ya kuingilia, na hapo ndipo maafa yanapoanzia. Nimekagua mifumo ambayo maneno ya siri ya watumiaji yamelala kwenye kanzidata wazi kabisa, unayasoma kama orodha ya mahudhurio. Kiolezo cha Laravel kinakupa bcrypt, inayovuruga neno la siri lisisomeke, bila wewe kuomba. Sanctum, kifurushi cha Laravel, inakupa tokeni za simu, yaani alama za kuthibitisha nani ameingia. Kiolezo kinakupa pia ukomo wa majaribio ili mtu asikae anabahatisha namba za siri usiku kucha. Kinakupa maigresheni, yaani muundo wa kanzidata unaandikwa kwenye mafaili, siyo kila mmoja anaongeza safu kwa mkono kwenye kompyuta yake.

Kinachoua miradi ni kutosoma nyaraka za kiolezo. Kiolezo chenyewe hakina kosa.

#3 Mwana Kasulu
Nyote mmezunguka, tatizo ni bando na mashine. Kiolezo kimoja cha React Native kikishashusha node_modules (folda ya vifurushi vyake), halafu Gradle (zana ya kujenga programu ya Android) nayo ije kudai vyake mara ya kwanza, bando la wiki limeondoka na hujaandika mstari hata mmoja. Watu wanaacha kwa sababu hiyo, wanaona aibu kuisema.

Ushauri: kwenye kushusha vifurushi, tumia zana ya pnpm badala ya npm. Inaweka nakala moja ya kila kifurushi kwenye diski na miradi yote inaichangia. Bando linapona.

#4 Nyakitonto
#3 rekebisha hapo kaka. npm nayo ina akiba yake, ukishashusha kifurushi toleo lile lile mara moja hakishushwi upya, na ukiongeza --prefer-offline inaitazama akiba kwanza. pnpm inaokoa nafasi ya diski na muda wa kunakili. Kwenye bando tofauti siyo kubwa namna hiyo.

Halafu anayetumia pnpm na Expo, vifurushi vingine vikigoma kuonekana, weka node-linker=hoisted kwenye mipangilio ya pnpm. Itakuondolea usiku mzima wa kutafuta mchawi.

#5 Mwana Kasulu
Diski yangu nayo imejaa, kwa hiyo bado nimeshinda 😄

#6 BintiUjiji
Mimi niulize swali ambalo naona limerukwa. Kwa nini programu ya simu kabisa? Wavuti moja iliyotengenezwa vizuri inafunguka kwenye simu, inawekwa kwenye skrini ya mwanzo, na ikiwa na service worker (msimbo unaofanya kazi nyuma ya ukurasa) na IndexedDB (hifadhi ya data ndani ya kivinjari) inafanya kazi hata mtandao ukikatika. Unakuwa na folda mbili badala ya tatu. Ukirekebisha kosa leo, kesho asubuhi kila mtu anayo, hakuna kumbembeleza mama wa mwaloni asasishe.

Shangazi yangu anauza vitenge hapa Ujiji, anatumia hiyo hiyo niliyomtengenezea, hajui kama ni ukurasa wa wavuti na wala hahitaji kujua. Nadhani miradi mingi inakufa kwa sababu tunabeba mizigo miwili wakati mmoja ungetosha.

Angalizo tu: service worker inadai HTTPS, isipokuwa ukiwa kwenye localhost, yaani kifaa chako mwenyewe.

#7 Fundi wa Seva
#6 dada yangu umenena, ila kuna shimo. Data ya kivinjari ikihifadhiwa kwa kawaida, simu ikijaa kivinjari kina ruhusa ya kuifuta. Na simu za huku zimejaa muda wote, video za WhatsApp za arusi tatu zimo humo. Mtu ameandika manunuzi ya asubuhi nzima hayajatumwa, kivinjari kinasafisha, umemwambia nini? Walau uombe hifadhi ya kudumu kwa navigator.storage.persist(), na hata hiyo kivinjari kinaweza kukataa. Programu ya simu yenye SQLite, kanzidata ndogo ya ndani ya simu, faili lake liko mahali pake.

#8 BintiUjiji
Shangazi hajawahi kupoteza hata kitenge kimoja. Ila nimekuelewa, kwa mtu anayekaa masaa mengi bila mtandao hoja ina uzito. Kibirizi yenyewe mtandao upo, sijui kwa wanaopanda boti kwenda Kagunga.

#9 Mgebuka_Dev
Shukrani wote. #6, wanunuzi wetu wengine wanafuata mzigo vijijini kandokando ya ziwa, huko kuna sehemu simu haishiki kabisa. Ndiyo maana tukachagua simu.

Sasa wakati tunabishana, kuna kitu kinatusumbua leo leo. Seva inawaka, nikifungua kwenye kivinjari cha laptopu inajibu. Simu halisi iko kwenye waifai ile ile, Expo Go (programu ya Expo ya kujaribia kwenye simu) inafungua skrini vizuri, lakini nikibonyeza "Hifadhi ununuzi" inasema ombi la mtandao limeshindikana. Anwani niliyoweka ni http://localhost:8000.

#10 Laravel Kindakindaki
localhost ya kwenye simu ni simu yenyewe mkuu, siyo laptopu yako. Weka anwani ya laptopu kwenye mtandao wa ndani, ile inayoanza na 192.168.

#11 Nyakitonto
Hata akiweka hiyo bado itagoma. php artisan serve kwa kawaida inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani inajibu waliomo ndani ya laptopu tu. Iwashe hivi:

php artisan serve --host=0.0.0.0

#12 Mwana Kasulu
Kama laptopu ni Windows kuna Windows Firewall, ukuta wa kuzuia miunganisho. Siku PHP ilipouliza ruhusa mara ya kwanza watu wengi hubonyeza kughairi bila kusoma, tangu hapo inazuia kimya kimya.

#13 Dart_Lake
Mimi naona ni Android yenyewe. Tangu Android 9 maombi ya http yasiyo na S yanakataliwa. Weka HTTPS. Halafu mngetumia Flutter (zana nyingine ya programu za simu, ya lugha ya Dart) haya yote msingeyaona, Flutter ni kongwe na imetulia kuliko hiyo React Native.

#14 Fundi wa Seva
#13 mambo mawili. Katazo la http ni kweli, lakini toleo la majaribio la React Native linaruhusu http, kwa hiyo kwa Mgebuka leo siyo sababu. Litamkuta siku akitengeneza APK (faili la kusakinisha programu ya Android) ya kugawa, na hapo ndipo watu husema "jana ilikuwa inafanya kazi". Pili, Flutter ukiiandikia nayo http://localhost kwenye simu itakuletea hadithi hiyo hiyo, mtandao haujui umeandika kwa Dart au kwa nini.

Na ukongwe: React Native ilitolewa 2015, Machi kwa iOS na Septemba kwa Android. Flutter 1.0 ilitoka Desemba 2018.

#15 Dart_Lake
Basi imetulia tu, ukongwe nauondoa. Lugha moja, zana moja, hakuna node_modules. Hilo hamtaliondoa.

#16 Mzee wa Reli
Nipo Tabora, nawasoma. Kuna ruta za vibanda vya intaneti na nyumba za wageni ambazo haziruhusu vifaa viwili vilivyo kwenye waifai moja kuonana. Kila kifaa kinaona nje tu. Hapo hata ufanye yote waliyosema vijana, simu haitaiona laptopu. Je, waifai ni ya kwako au ya jirani?

#17 Nyakitonto
Lakini #16, kama ruta ingekuwa inazuia, hata skrini za Expo Go zisingefunguka, maana nazo zinatoka kwenye laptopu hiyo hiyo, porti 8081. Labda kama anatumia njia ya tunnel, inayozunguka kupitia intaneti ya nje.

#18 Mgebuka_Dev
Natumia tunnel, kwa sababu bila hiyo skrini hazikuwa zinafunguka.

#19 Nyakitonto
Aaah! Basi mzee wa Tabora anaweza kuwa sahihi. Au Kasulu na firewall yake. Vyote vinaleta dalili ile ile.

Achana na waifai kabisa. Chukua waya wa USB, washa utatuzi wa USB kwenye simu, halafu andika kwenye laptopu amri hizi za adb, zana ya Android:

adb reverse tcp:8000 tcp:8000
adb reverse tcp:8081 tcp:8081

Kuanzia hapo localhost:8000 ya simu inapitia kwenye waya hadi kwenye laptopu. Haijali ruta, haijali anwani imebadilika, haijali kama kuna bando au hakuna. Ukichomoa waya ukarudisha, unaandika tena. Kwa anayetumia emuleta ya Android, anwani ya laptopu ni 10.0.2.2.

Amri hizo mbili ziandike kwenye faili la SOMA (README) ndani ya repo. Hicho nakihesabu kuwa sehemu ya kiolezo kuliko malipo ya kadi.

#20 Mgebuka_Dev
Imekubali! Ununuzi wa kwanza umeingia, umeonekana kwenye wavuti. Asante sana #19.

#21 Mwana Kasulu
Leta dagaa.

#22 Laravel Kindakindaki
Dagaa wakavu siyo wabichi, na wawe wa Kigoma kweli siyo wa ziwa lingine.

#23 Tabora_Asali
Nilikuwa nangoja mmalize ya waya. Huku kwetu nimefanya kazi inayofanana kwa kikundi cha wafuga nyuki kusini huko Sikonge, mavuno ya asali yanaandikwa porini na kutumwa mtu akirudi penye mtandao. Nina jibu la swali la mwanzo, kipi hakikosi siku ya kwanza. Kuingia kunaweza kungoja wiki. Kisichoweza kungoja ni namna simu inavyotuma kitu kilekile mara mbili bila madhara.

Hali ni hii: simu inatuma, seva inapokea na kuhifadhi, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Simu inaona haikujibiwa, inatuma tena. Ndoo moja ya asali imekuwa mbili, na mfugaji anadai hela ya mbili kwa sababu mfumo ndio umesema. Ugomvi wake siyo mdogo.

Tunachofanya: kitambulisho cha kila rekodi, UUID, kinazalishwa kwenye simu wakati mtu anabonyeza kitufe, hakizalishwi kwenye seva. Kwenye kanzidata safu hiyo hairuhusu thamani kujirudia. Simu ikirudia, seva inakuta UUID ipo, inajibu "ninayo" na haiandiki tena. Ukianza na namba zinazojiongeza zenyewe 1, 2, 3 kutoka kwenye seva, kuja kubadilisha baadaye kunagusa kila jedwali. Weka siku ya kwanza.

#24 Fundi wa Seva
#23 hii ndiyo hoja bora ya uzi huu mpaka sasa. Naongezea: foleni ya visivyotumwa msiiweke AsyncStorage, hifadhi rahisi ya React Native. Kwenye Android ukomo wake wa kawaida ni MB 6. Tumieni expo-sqlite, jedwali moja la foleni lenye hali ya kila kitu: kinangoja, kimetumwa, kimekataliwa. Hicho cha tatu watu wanakisahau, mpaka kitu kilichokataliwa kinajirudia kutumwa milele.

#25 Kibirizi Kwetu
Mimi siyo mtu wa kompyuta, ni mnunuzi. Nimeletewa huu uzi na mdogo wangu. Niseme mnavyotusumbua sisi watumiaji.

Programu moja niliyowahi kupewa ilinitaka niandike kilo. Mwaloni asubuhi hakuna kilo, dagaa wabichi wanauzwa kwa beseni na kwa ndoo, na beseni la huyu siyo beseni la yule. Nikawa nabuni kilo ili initoke. Ya pili, tarehe. Boti zinaingia ziwani jioni, zinarudi alfajiri. Mzigo wa usiku wa kuamkia Jumanne, mwingine anauandika Jumatatu, mwingine Jumanne, mwisho wa wiki hesabu hazikutani. Ya tatu, saa. Nikaandika 11 nikimaanisha alfajiri, yenyewe ikaweka saa tano asubuhi.

Nikaiacha. Daftari halibishani na mimi.

#26 Mgebuka_Dev
Kaka yangu asante sana, hii ni dhahabu. Hicho cha usiku wa kuamkia hatukuwa nacho kabisa.

#27 Tabora_Asali
#25 mkubwa wangu shikamoo, umetufundisha. Kitaalamu nashauri hivi: kila rekodi iwe na nyakati mbili, ilipotokea kwa mujibu wa simu na ilipopokelewa na seva, zote zihifadhiwe kwa UTC (saa za kimataifa) na zionyeshwe kwa saa za Afrika Mashariki, yaani kuongeza 3. Halafu safu ya tatu peke yake, "mzigo wa usiku wa kuamkia", ambayo mtu anachagua kwa vitufe viwili, usiku wa kuamkia leo au wa kuamkia jana. Usiikokotoe kutoka kwenye saa, utakosea kwa anayeandika mchana.

Na saa usimwachie mtu aichape. Mpe "alfajiri", "asubuhi", "mchana" kwanza, kisha saa kwa hesabu ya Kiswahili, msimbo ndio ubadilishe.

#28 Nyakitonto
Kwenye vipimo mimi ningegeuza kuwa kilo ndani kwa ndani ili ripoti zitoke. Beseni = kilo kadhaa, inawekwa kwenye mipangilio.

#29 Kibirizi Kwetu
Nani atasema beseni ni kilo ngapi? Mvua ikinyesha dagaa wanabeba maji.

#30 Tabora_Asali
#28 siafiki. Hifadhi kilichotokea: idadi 4, kipimo "beseni", mwalo huu, bei hii. Makadirio ya kilo yakae kwenye ripoti na yaandikwe kuwa ni makadirio. Ukishahifadhi kilo za kukadiria, beseni lenyewe limepotea na huwezi kulirudisha.

#31 Nyakitonto
Tajiri wa Dar anataka kilo, maana mzigo mkavu ukifika unapimwa. Bila kilo tangu mwanzo hawezi kujua kaibiwa au la njiani. Nabaki na msimamo wangu.

#32 Laravel Kindakindaki
Wakati mnapima beseni, turudi kwenye zana. Nimeona mtu hapo juu anataka kubadilisha Laravel iwe Node, inayoendesha JavaScript kwenye seva.

#33 Dart_Lake
Hakuna aliyesema hivyo mkuu, umeota.

#34 Mzimu wa TypeScript
Basi nasema mimi sasa. Wavuti ni TypeScript (JavaScript yenye ukaguzi wa aina za data), simu ni TypeScript, seva nayo ingekuwa hivyo mngekuwa na folda ya nne ya pamoja: umbo la "Ununuzi" linaandikwa mara moja na pande zote tatu zinalitumia. Ukiongeza safu ya "usiku wa kuamkia" kwenye seva ukasahau simu, msimbo unakataa hata kujengwa. Kwa Laravel mnaliandika umbo mara mbili na kutumaini yanafanana. Miradi yenu inakufia hapo, pande zinaachana kidogo kidogo bila mtu kuona.

#35 Laravel Kindakindaki
Kuna OpenAPI. Andika maelezo ya API (namna wavuti na simu zinavyoongea na seva) mara moja, zana inatengeneza maumbo ya TypeScript kwa ajili ya wavuti na simu. Na gharama? PHP na MySQL zinawekwa kwenye upangishaji wa kawaida wa bei chee, cPanel (paneli ya kuusimamia), umemaliza. Node unatafutiwa VPS (seva ya kukodi unayoisimamia mwenyewe), halafu nani ataiangalia saa nane usiku ikizimika?

#36 Mzimu wa TypeScript
Wapo wapangishaji wa cPanel wanaoruhusu Node.js siku hizi.

#37 Laravel Kindakindaki
Wapo. Nenda kaweke, kisha uje utuambie.

#38 Fundi wa Seva
Msigombane, Laravel ni ya 2011, Node ni ya 2009, zote zitawazika. Kundi la watu watatu litumie kile ambacho angalau wawili wanakijua.

Kuna hatari ambayo hakuna aliyeigusa. Siri. Faili la .env, lenye funguo na maneno ya siri ya mfumo, lisipande GitHub kamwe, liwekwe kwenye .gitignore (orodha ya yasiyopandishwa) kabla ya komiti ya kwanza, yaani kabla hujahifadhi chochote kwenye repo, na badala yake kuwe na .env.example yenye majina bila thamani. Na kwenye Expo, chochote kinachoanza na EXPO_PUBLIC_ kinaingia ndani ya programu na kila aliye na simu anaweza kukisoma. APK ni faili la zip tu, linafunguka. Nimeona ufunguo wa malipo ya simu umewekwa humo. Ufunguo unakaa kwenye seva, simu inaiomba seva.

#39 BintiUjiji
Na majina na namba za simu za wavuvi ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Nani anaruhusiwa kuona nini, na mtu akitaka aondolewe anaondolewaje, hayo yafikiriwe kabla ya majedwali hayajajaa. Violezo vingi havina hata kitufe cha kumwondoa mtu.

Namba za simu zenyewe muwe na muundo mmoja, +255. Mama mmoja akiandikwa kwa 07 leo na kwa 2557 kesho amekuwa watu wawili kwenye mfumo.

#40 Mwana Kasulu
Ana laini tatu, ni watu sita.

#41 Mzee wa Reli
Vijana, mnataja zana tu. Mimi naona sababu nyingine ya miradi kufa: msimu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mradi uliomalizika Juni ungejaribiwa na nani? Hata bila kufungwa, siku za mbalamwezi taa za boti hazivuti dagaa, watu wanapumzika. Ukipeleka programu siku hizo utaambiwa nzuri, nzuri, na hakuna aliyeigusa. Nasi huku Tabora asali ina msimu wake. Mkijenga kwa miezi mingi bila mtumiaji mnachoka wenyewe, mnasema kiolezo kibaya.

#42 Mgebuka_Dev
Mzee wangu shikamoo. Hoja ya giza na mbalamwezi naichukua, tutaipeleka giza likianza. Ila bado nasema kiolezo kikubwa kinachangia, maana kinakula ule muda mfupi wa giza.

#43 Fundi wa Seva
Na mimi bado nasema hukukisoma 😄

#44 Mzimu wa TypeScript
Swali la pembeni: mnaipelekaje kwenye simu zao? Play Store ni dola 25 mara moja, lakini akaunti binafsi mpya inadai wajaribu 20 kwa siku 14 mfululizo.

#45 Nyakitonto
Ilikuwa 20, wakapunguza hadi 12 Desemba 2024. Siku 14 zimebaki. Inahusu akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023. Kwa kuanzia wape APK mkononi, kumi na mbili wa mwaloni utawapata tu. Ila Expo Go usimpe mtumiaji, hiyo ni ya kwenu watengenezaji.

#46 Kibirizi Kwetu
Mimi mnihesabu kuwa mjaribu. Lakini niulize la mwisho: nachukua mzigo leo, nalipa nusu, nyingine nalipa mzigo ukiuzwa Dar. Mnaliandikaje hilo deni? Ile programu ya zamani ilikuwa na "amelipa" na "hajalipa" tu.

#47 Tabora_Asali
Deni lisiwe namba inayopunguzwa. Kuwe na jedwali la malipo peke yake, kila malipo mstari wake, shilingi kwa namba kamili zisizo na desimali. Deni linakokotolewa: thamani ya mauzo kutoa jumla ya malipo. Malipo yakiandikwa vibaya hayafutwi, unaongeza mstari wa kusahihisha, ili muuzaji na mnunuzi wote waone kilichotokea. Na hii inaenda vizuri na UUID za simu, kwa sababu simu mbili zikituma malipo mawili tofauti hakuna inayomfuta mwenzake.

#48 BintiUjiji
Na bei ya beseni ikipanda kabla deni halijaisha?

#49 Tabora_Asali
Bei inanakiliwa kwenye mstari wa mauzo siku ile ile. Ukiichukua kwenye jedwali la bidhaa, madeni ya zamani yote yatapanda nayo, na utatafutwa mwaloni.

#50 Kibirizi Kwetu
Kuna wengine tunakubaliana bei baada ya mzigo kufika sokoni. Hapo itakuwaje?

#51 Nyakitonto
Bei iruhusiwe kuwa tupu, na deni la mstari huo lionyeshwe "bei bado". Usiweke sifuri, sifuri itaingia kwenye jumla na mtu ataonekana hadaiwi.